Mashine Haikutaja Jina

Jumapili, 2 Februari 2025, Rugenge, Uvira

Nyumba imejaa mpaka naandika nyuma ya cherehani, mahali pekee ambapo hapajatandikwa mkeka. Mdogo wangu Claude aliletwa jana kutoka kwao Nyakabere kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na Belyse, mke wa Claude, ili asianguke. Mama akafuata kwa pikipiki ya pili, na sufuria zake na rozari.

Claude alitapika damu akiwa amesimama ndani ya maji ya mpunga. Belyse anasimulia kwamba damu ilielea mpaka kwenye tuta la jirani. Anasimulia bila chozi. Tangu Claude amwoe na kumtoa kule Bijombo milimani sijampenda; anasalimia kama mtu anayekukopesha salamu.

Mama amesema neno moja tu tangu afike: "Balimuekea." Kwetu neno hilo, walimwekea, halihitaji kumaliziwa. Mtu akitapika damu, basi kuna aliyemtilia kitu kwenye sahani au kwenye chupa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea moyoni, na macho yangu yalikuwa kwa Belyse akikoroga uji.

Jumanne, 4 Februari

Mvua kutwa. Claude amekunywa uji. Mama aliuonja kwanza.

Alhamisi, 6 Februari

Kuna daktari kijana, Pontien, aliyetoka Bukavu kupima wagonjwa wa ini kwenye sentre ya afya ya hapa mtaani. Hajui Kirundi, na wazee wa tambarare ya Ruzizi wakiumwa hawataki lugha nyingine. Masista walimwambia yuko fundi cherehani mmoja ambaye mdomo wake hauchoki. Kwa hiyo tangu wiki iliyopita asubuhi natafsiri, na leo nilimpeleka Claude.

Mashine yake inaingia kwenye kiganja, na waya wake umeunganishwa na kioo kidogo kama cha simu kubwa. Alimpaka Claude mafuta ya baridi, akaiweka chini ya mbavu za kushoto. Kiooni palikuwa peusi, kisha kikatokea kitu cha kijivu, kirefu, kimejikunja. Claude alipovuta pumzi kilishuka. Alipoitoa kikapanda. Nimekwisha kuona picha za watoto tumboni kwa mama zao, na namwomba Mungu anisamehe, ndivyo kilivyokuwa: mtoto amelala upande ndani ya mwanamume.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Yesu Maria," alisema. "Iko nahema."

"Ni bandama, mama," Pontien akasema. "Kila mtu analo. La kwake limekuwa kubwa sana."

Akatoa damu kidogo kidoleni, akaipeleka kwenye mashine nyingine, akarudi na hesabu. Alimweleza Claude kwa mambo ya shamba, na hapo nilimpenda. Ini, alisema, ni kama mlango wa mfereji mkuu. Miaka yote umesimama ndani ya maji yenye kichocho, na kichocho kimeujaza mlango ule matope. Damu haipiti, inarudi nyuma. Inajaza bwawa, ndilo bandama, kisha inatafuta vijifereji vidogo vya kooni ambavyo havikuchimbwa kwa maji mengi. Siku moja tuta linapasuka.

"Ile mpira ya kamera ya kuingia mu koo iko Bukavu," alisema, "na barabara unajua vile iko. Lakini sina lazima ya kuingia. Nikiona bwawa imejaa hivi, na zile chembe za kugandisha damu zimepunguka hivi, najua vijifereji viko aje. Viko karibu kupasuka tena."

Alitoa vidonge vya kichocho vya kumeza mara moja, na vingine vidogo vya kumeza asubuhi na jioni bila kukosa, ambavyo vinapunguza mwendo wa moyo ili damu isisukume kwa nguvu. Kisha akanishika mkono, mimi, si Claude, akaniita yaya, dada mkubwa, kama aniitavyo Claude. "Yaya Apolline, asikunywe kintu yoyote ya kutapisha. Yoyote. Akitapika kwa nguvu, vitapasuka, na hapa sina kitu cha kuvifunga."

Mama alingoja amalize. Alisema Kirundi, nami nikatafsiri nikiona haya. Alisema: wewe umeona koo lake kupitia mbavu zake. Hukumpasua, hukuingiza kitu. Basi umemwona na aliyefanya. Tutajie.

Pontien akacheka. "Mama, miye siko mufumu."

Alicheka kwa wema, lakini kilikuwa kicheko kibaya. Wafumu wote, waaguzi wetu, husema hivyo hivyo kabla ya kutaja mchawi.

Jumatatu, 10 Februari

Leo tumepima watu wengi wa Nyakabere. Nimeanza kuona kabla ya mashine. Mtu akivua shati najua, kwa jinsi ubavu wa kushoto unavyokaa. Mzee Ndihokubwayo, aliyekuwa akimfundisha Claude kulima, alicheka kioo kilipomwonyesha. Hesabu zake zilikuwa mbaya kuliko za Claude. Alipewa vidonge na onyo lile lile. Akiondoka aliniuliza kwa sauti ya chini: "Na ya kwangu, alitaja nani?"

Jumapili, 16 Februari

Bukavu imeanguka mikononi mwa waasi. Padri alifupisha misa. Watu walitoka kanisani bila kusimama kupeana habari, jambo ambalo sijawahi kuliona Uvira.

Alhamisi, 20 Februari

Tangu juzi askari wa serikali wanashuka kutoka kaskazini, wengine bila viatu. Risasi zinapigwa mchana, hatujui nani anampiga nani. Maduka yamevunjwa. Nusu ya Rugenge imevuka kwenda Burundi kwa miguu na kwa mitumbwi.

Sisi hatukuvuka. Claude akitembea mwendo mrefu anazimia, na Mama hataki mwanawe afe kwenye nyumba ya watu. Pontien alipita na begi moja. Alitaka kuniachia mashine, nikakataa, nikaona afadhali niachiwe bomu nyumbani kuliko kitu kile. Aliniachia vidonge vya Claude. "Asitapike," alisema tena, kisha akakimbia kuelekea mpakani Kavimvira akiwa amefunika ile mashine kwa kanzu ya padri aliyoipata sijui wapi.

Mchana mtaa ulikuwa mtupu kabisa. Kiboko alipanda kutoka ziwani, akapita katikati ya barabara, polepole, mbele ya duka la simu lililovunjwa. Tumewazoea viboko, lakini wa usiku. Huyu alitembea saa za kazi kama mtu aliyeambiwa kwamba mji sasa ni wake. Mama aliweka mkono kifuani akasema: "Vya mu maji vimejua."

Jumatano, 26 Februari

Asubuhi nimekuta sahani ya wali mlangoni, imefunikwa jani la mgomba. Hakuna aliyebisha.

Ijumaa, 28 Februari

Sahani mbili, na kuku amefungwa miguu. Belyse alinitazama. "Yaya, ni vyako. Banasema dokteri alikuachia macho."

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini nilipokwenda kuchota maji, mwanamke nisiyemjua alisimama mbele yangu, akapandisha fulana ya mtoto wake, akangoja. Nilitazama. Ilikuwa lazima nisitazame, lakini nilitazama, upande wa kushoto. Aliuona uso wangu, akaanza kulia, akashusha ile fulana.

Jumapili, 2 Machi

Ndihokubwayo amekufa.

Habari kaileta Belyse, aliyekwenda Nyakabere kuangalia mpunga. Wana wa mzee walimwita Georgette, yule mama anayetapisha sumu. Simsemi vibaya: ni mtu mpole, hadai kitu kabla mgonjwa hajapona, na amekwisha kuwainua wengi waliokula vibaya. Anawapa maziwa na majani yake, wanatapika, anachungulia ndani ya beseni na kuonyesha: hiki hapa, kimetoka. Mzee alikunywa, akatapika maziwa, kisha akatapika damu, na damu haikukoma. Beseni halikutosha.

Na sikilizeni walivyosema. Walisema Georgette alichelewa, kitu kilikuwa kimekwisha kukomaa, hata mashine ya dokteri ilikuwa imekiona kinahema. Mashine ndiyo shahidi wao. Kitu tulichokwenda nacho ili watu wasitapishwe ndicho kinachowapeleka kutapishwa, na sauti iliyowaambia kwa Kirundi kwamba upande wa kushoto kuna kitu kikubwa ilikuwa yangu. Naogopa. Naandika wazi kwamba naogopa.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padri hayupo. Mama amechukua majivu jikoni akatupaka mwenyewe. Alimruka Belyse.

Jumatatu, 10 Machi

Claude anatema vidonge. Nilikuta viwili chini ya mkeka. Nilipomgombeza aligeukia ukuta. "Bananipa na mukono ya nani, yaya? Ni Belyse njo anavileta."

Belyse alikuwa mlangoni, amesikia. Vidonge vya Pontien vilikwisha Ijumaa, na ni yeye aliyepita vizuizi vyote vya vijana wenye bunduki mpaka Kavimvira akatafuta vingine kwa watu wanaovuka. Alirudi na tope magotini na bila kitenge chake kizuri. Sasa alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na nilipochungulia alikuwa akilia kwa namna ambayo sijaona mtu akilia, mdomo wazi, bila sauti hata kidogo. Basi hivyo ndivyo anavyolia. Nilirudi ndani nikaona aibu kwa kila kitu nilichokiandika kumhusu.

Jumatano, 12 Machi

Mtaa wa chini, watu walimtoa mwanamke aliyetajwa kwamba anaua kwa chakula. Hakuna anayesema walimpeleka wapi. Nyumba yake iko wazi na mlango unajipiga na upepo wa ziwa. Unasikika hadi hapa. Hakuna anayekwenda kuufunga. Mimi pia sijaenda.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama alitoka na mwavuli, akarudi na Georgette.

Georgette alikaa kwenye kiti cha cherehani, akafungua kitambaa chake: majani, chupa ya maziwa, beseni jeupe, safi sana. Aliongea na Claude kwa upole, "mutoto wangu, itauma kidogo, kisha utalala." Claude alikuwa tayari amekaa kitako. Alitaka. Hilo ndilo lililonikata maini: mdogo wangu alilitazama lile beseni kama mtu aliyefika nyumbani.

Nilisimama katikati. Nilisema yote: mlango wa mfereji, bwawa, vijifereji, mzee Ndihokubwayo.

"Weye uliiona," Mama akasema. "Uliiona na macho yako ikihema. Sasa unataka ibakie?"

"Haiko sumu, Mama. Iko bandama."

"Dokteri alikimbia. Bandama yake alienda nayo? Iko hapa, iko nakula mutoto wangu."

Nilimshika Georgette mkono. Mama akaniondoa, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Kisha akabadilika, akawa mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Akasema jambo ambalo bibi alikuwa akilisema tukiwa watoto: sumu ikipata jina la mwenyewe inalala. Aliyeiweka akitajwa, akawa anaonja mbele ya mgonjwa kila kinachoingia kinywani mwake, haina njia tena, na hapo hakuna haja ya kutapisha.

"Unipe jina, Apolline. Bote banajua dokteri alikuambia. Unipe jina tu, na Georgette ataenda kwake."

Hakumtazama Belyse. Hakuna aliyemtazama Belyse, na kwa namna hiyo wote tulikuwa tukimwonyesha kidole. Alikuwa ameegemea ukuta na mikono nyuma. Nje, ule mlango wa mtaa wa chini ulijipiga.

Sitasema kwamba nilifikiri sana. Nilijua jina likitoka litakwenda mpaka kizuizini, kwa wale vijana wenye bunduki, isipokuwa jina moja ambalo Mama hawezi kulipeleka huko kwa kuwa alilizaa.

"Ni miye," nikasema.

Mvua iliendelea. Georgette aliacha kusaga majani.

"Juu ya nini?" Mama akauliza, akitaka sababu.

Na hapa ndipo pananifanya nishindwe kulala. Sikutafuta jibu. Lilikuja lenyewe, limepangwa kama nguo kabatini. Nilisema: baba alipokufa shamba lote mlimpa Claude. Mimi ni mkubwa, nililima lile shamba kabla yeye hajajua kushika jembe, na mliniambia msichana ana cherehani. Nilimtilia siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, kwenye pombe. Nilisema hata rangi ya kikombe. Sauti ilikuwa yangu, na niliisikiliza kama nilivyokuwa nikiisikiliza ikitafsiri maneno ya mtu mwingine.

Georgette alikunja kitambaa chake, akachukua beseni, akatoka mvuani bila kuaga. Mama alikaa chini, akafunika kichwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeonja uji wake, maji yake, na nusu ya kidonge, mbele ya Mama. Claude amekunywa vyote. Amemeza kidonge chake, akafungua mdomo kunionyesha, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

Jumatano, 19 Machi

Nimeonja.

Jumapili, 23 Machi

Nimeonja. Sahani zimekoma mlangoni. Wateja wamekoma pia.

Alhamisi, 3 Aprili

Pontien alisema vidonge vinatuliza moyo. Ni kweli, hata kwangu ninayemeza nusu tu. Nikikaa kwenye cherehani naweka kidole shingoni na nangoja. Unapiga, kisha unanyamaza, nami nabaki pale nikisikiliza kama mtu aliyebisha hodi. Mara mbili nimejikuta nikimkumbuka yule mwanamke aliyetilia kitu kwenye kikombe, siku ya ubatizo, na ninamwona vizuri: kitenge chake, mkono wake, jinsi alivyogeuka kuangalia kama kuna anayemwona. Sikwenda kwenye ubatizo ule. Nilikuwa hapa Rugenge nikishona sare za shule. Nimeliandika hilo ili niwe nalo: sikwenda.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Padri amerudi. Wakati wa kupeana amani Mama alimpa Belyse mkono, akampa jirani, akampa mtu wa benchi la nyuma. Kwangu alikunja vidole. Alikuwa na macho mekundu. Ananipenda, naona, na hawezi kunigusa.

Belyse alipita mbele ya Mama, kanisa zima likiona, akanikumbatia. Hajasema asante hata siku moja na sitaki aseme. Nyumbani anapopakua chakula chetu anakula kutoka sahani yangu, kijiko kwa kijiko, Mama akiona.

Jumatatu, 5 Mei

Claude ametembea mpaka sokoni na kurudi. Hajatapika tangu Februari.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zinaisha. Pontien amepiga simu kutoka Bujumbura, yuko hai, atarudi barabara ikiruhusu ampime Claude tena. Nilimwambia anameza bila kukosa. Alifurahi sana. "Mulifanya aje? Wengi banaacha." Nilimwambia kwetu tuna njia zetu.

Jumamosi, 24 Mei

Leo wamerudi Nyakabere, mpunga unakaribia kuvunwa. Belyse atakuwa anaonja badala yangu. Claude amekubali, kwa kuwa sasa anamwamini mkewe kuliko mtu yeyote. Mama alipanda pikipiki ya kwanza bila kugeuka nyuma.

Claude alichelewesha ya kwake. Aliingia, akafunga mlango, akasimama karibu na cherehani. Amenenepa usoni. Bado ubavu wa kushoto uko vile vile, niliuona chini ya shati, lakini amesimama kwa miguu yake.

"Yaya," akasema, "nilifikiri sana. Kweli shamba ilikuwa yako pia. Walikukosea."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Nikamwona akilini akirudi kule, kidonge mkononi, akijiuliza kama si dada ni nani basi, na Belyse ndiye aliyebaki karibu.

"Miye nakusamehea," akasema. Alinishika mikono yote miwili, jambo lililomgharimu. "Na moyo yote. Sitaisema tena."

"Asante, ndugu yangu," nikamjibu, na nikambusu kwenye paji la uso, naye akajikaza asirudi nyuma.